Mji wa Mawe, Kipimo cha Mti

Wageni waliofika Unguja na kutaka kuutaja Mji Mkongwe kwa lugha yao waliuita mji wa mawe. Jina hilo si la uongo, kwani kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyofungamanishwa kwa chokaa, na unene wake humfanya apitaye vichochoroni ahisi baridi hata jua la Februari linapowaka. Ila jina hilo limesema nusu ya habari. Nusu ya pili haionekani upesi, kwa kuwa imefichwa darini, imesimama mlangoni, imelala bandarini, na aghalabu hukanyagwa bila ya kutazamwa. Nusu hiyo ni mti.

Aingiaye katika magofu ya Gede, ya Takwa au ya Pate ataliona jambo hili kwa macho yake. Kuta zimesimama, mihrabu imebaki, na visima vingali na kina chake. Kilichotoweka ni mti. Juu ya kuta, kwa mstari ulionyooka, yamebaki matundu, kila moja likiwa mbali na mwenzake kwa nafasi ile ile. Matundu hayo ndiyo yaliyovipokea vichwa vya boriti. Boriti zilioza, dari ikaanguka, milango ikang'olewa au ikaliwa na mchwa, na jiwe likabaki kusimulia habari za nyumba kana kwamba lilijijenga peke yake. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotunga Al-Inkishafi zama za mwanzo wa karne ya 19, aliyatumia majumba ya Pate yaliyoachwa ukiwa kuwa funzo la dunia ipitayo. Anayesimama leo mbele ya kuta hizo anaweza kuongeza funzo jingine dogo: nyumba haifi kwa jiwe. Hufa kwa mti wake, jiwe likafuata baadaye.

Fauka ya hayo, hata jiwe lenyewe halikuweza kuwa ukuta bila ya msaada wa mti. Chokaa iliyoyafunga mawe hayo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe katika tanuu, na tanuu lilipangwa kwa magogo: minazi iliyokwisha kuzaa, mikoko, na miti mingine iliyokuwa karibu. Jiwe lililainishwa kwa moto wa mti ndipo likakubali kulishika jiwe jenzie. Kwa hiyo, atakaye kuzifahamu nyumba za pwani hana budi aanze mbali na mji, kwenye matope ya hori, maji yanapokupwa na mizizi ya mikoko ikabaki wazi kama vidole vilivyoshika ardhi.

Mtu wa bara huiita miti yote ya huko mikoko, na hakosi sana. Lakini wakataji wa Lamu, wa Rufiji na wa Chwaka hawakuridhika na jina moja, kwa sababu walijua kuwa jina moja halitoshi kugawa kazi. Mkoko wenyewe, wenye mizizi iliyopinda kama matao, hutoa boriti zilizo nzito na ngumu. Msinzi, ambao watu wa Lamu huuita muia, hunyooka vizuri na hupendwa kwa nguzo. Mkandaa ni mwembamba, nao hutoa fito na pau, na gome lake hutoa rangi nyekundu ya kahawia na dawa ya kulainishia ngozi. Mchu huvumilia chumvi kuliko wenzake, na kwa kuwa haunyooki, hauitwi kwenye dari; huitwa kwenye kuni, kwenye tanuu na kwenye vyombo. Mlilana husimama mbele kabisa, ukipigwa na mawimbi, na matawi yake yaliyopinda hutafutwa na waundaji wa mashua. Mkomafi huzaa tunda la mviringo kama mpira, zito, ambalo likipasuka mbegu zake huachana kama vipande vya fumbo na ni shida kuzirudisha zilivyokuwa. Mbao zake ni nyekundu, nzuri kwa samani na kwa mataruma.

Baada ya jina la mti likaja jina la unene. Fito ni nyembamba kuliko zote, kisha pau, kisha boriti, kisha nguzo. Majina haya hayakuwa ya sokoni tu. Kila moja lilikuwa na mahali pake katika nyumba. Katika nyumba ya udongo, nguzo zilichimbiwa, fito zikafungwa kwa kamba upande na upande ili zishike udongo na mawe, kombamoyo zikapandishwa kulibeba paa, na pau zikalazwa juu yake ili zipokee makuti. Katika nyumba ya mawe, boriti zililazwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake yakapangwa mawe membamba, kisha ikamwagwa chokaa iliyochanganywa na kokoto na kupigwa kwa vipande vya miti siku kadhaa mpaka ikawa sakafu. Upigaji huo ulikwenda kwa nyimbo, maana mikono mingi haiwezi kushuka pamoja pasipo mwendo mmoja.

Hapo ndipo mti ulipotoa hukumu yake kubwa. Boriti ya mkoko ikiwa na unene wa kufaa haiwezi kuwa ndefu sana. Ikivuka mita 3 hivi huanza kulegea chini ya uzito wa mawe na chokaa. Kwa sababu hiyo, chumba cha nyumba kongwe, kiwe cha Lamu au cha Unguja, kiwe cha tajiri au cha mtu wa kati, huwa na upana wa kati ya mita 2.5 na 3. Mwashi hakuuchagua upana huo. Aliupokea kutoka kwa mti. Alichoachiwa ni urefu. Mwenye mali aliongeza boriti upande wa pili, moja baada ya moja, akapata ukumbi mrefu kama apendavyo, lakini upana ulibaki ule ule wa jirani yake. 

Mpenzi wa mashairi hatachelewa kuitambua kanuni hii. Malenga anayetunga shairi la mizani 16 huugawa mshororo vipande viwili vya mizani 8, na mipaka hiyo haivuki hata akiwa na maneno mengi kifuani. Akitaka kusema zaidi huongeza ubeti, mshororo haurefushi. Chumba cha Lamu nacho hukua kwa beti. Wapo wasemao kuwa kipimo ni kifungo, lakini waliokulia katika vyumba hivyo wanajua namna ufinyu wa upana ulivyozaa ubunifu: zidaka zilizochongwa ukutani ili chumba kionekane kina kina zaidi, misana iliyofuatana, kila mmoja ukiwa juu kidogo kuliko uliotangulia, na boriti zenyewe kupakwa rangi nyekundu na nyeusi ili macho yawe na pa kutembea mtu alalapo chali.

Kipimo hicho hakikubaki pwani hii peke yake. Majahazi yaliyoshuka na kaskazi yakileta tende, chumvi, samaki wa kukausha na mazulia, yalisubiri kusi yarudi na boriti. Nchi za Ghuba hazina misitu ya kutoa miti ya namna hiyo, na nyumba kongwe za Kuwait na Bahrain ziliezekwa kwa mikoko ya Rufiji na Lamu. Kwa hiyo vyumba vya huko navyo vikawa na upana unaokaribiana na wa huku. Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, alisafiri na jahazi la Kuwait katika msimu wa 1938 hadi 1939, akaishuhudia kazi ya kupakia boriti katika mito ya Rufiji: joto, mbu, matope hadi magotini, na mabaharia waliokuwa wakikata na kubeba wenyewe. Mtu aliyelala Kuwait chini ya dari yake hakuyaona matope hayo, lakini alilala katika upana uliopimwa nayo.

Biashara hiyo ilikuwa na gharama ambayo haikuandikwa katika hesabu za nahodha. Msitu uliokatwa miaka mingi kwa ajili ya kwao na kwa ajili ya ng'ambo ulianza kupungua miti minene. Kenya ilipiga marufuku usafirishaji wa boriti kwenda nje mwaka 1982. Kwa upande wa Unguja, mikoko ya ghuba ya Chwaka iliingizwa pamoja na msitu wa Jozani katika hifadhi ya taifa mwaka 2004. Mikoko inapoondoka, kamba na kaa hukosa malezi, samaki wadogo hukosa pa kujificha, na bahari huanza kuila ardhi. Asiyejua hayo hudhani kuwa anayemzuia kukata anamzuia kujenga tu.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii husemwa sana kuwahimiza watu waheshimu juhudi za wenzao, lakini fundi wa vyombo huisikia kwa sikio jingine. Kwake neno vimeundwa lina orodha ya miti ndani yake. Ngalawa hutaka gogo moja nene lililo jepesi kuchongeka, na mti wake maarufu ni mwembe. Mashua na jahazi hutaka mkuku wa mti mgumu usiokubali kupinda, kama mvule au mbambakofi, kwa kuwa huo ndio uti wa mgongo. Mbao za ubavuni zaweza kuwa za mvule, za mninga au za mtondoo, mti uleule ambao kokwa zake zilikamuliwa mafuta ya kuwashia taa. Mlingoti wa chombo kidogo hupatikana kwa mvinje, uliojizoeza kunyooka mbele ya upepo wa ufukweni.

Mataruma ndiyo yanayoonyesha ufundi ulivyo. Mbavu za chombo sharti ziwe na pindo, na mti ulionyooka ukikatwa kwa msumeno ili uwe na pindo, nyuzi zake hukatwa pia, na hapo ndipo utakapovunjika. Kwa hiyo fundi hutembea msituni akitazama matawi ya mlilana, ya mkomafi au ya mwembe, akitafuta pindo lililokwisha kuwako. Wengine hukata kwa tezo na kuondoka na vipande ambavyo mpita njia angeviona havifai hata kwa kuni. Mti uliopinda, ambao seremala wa milango aliukataa asubuhi, mwundaji wa mashua huuchukua jioni kwa furaha. Hakuna mti mbaya katika kazi hii; pana mti uliopelekwa pasipo pake.

Kazi ikiisha, pamba hupigwa katika viungo ili kukalafati, ubavu wa juu hupakwa sifa ya papa, na sehemu inayozama hupakwa deheni ya chokaa na mafuta. Zamani palikuwa na mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi na kushikizwa kwa vigingi vya mti, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Chombo hicho hakionekani tena baharini. Kimebaki katika picha, katika mifano iliyoundwa kwa ajili ya makumbusho, na katika lugha.

Mti uliotafutwa mbali kuliko yote ulikuwa ule wa mlango. Milango ya nakshi ya Unguja iliyo mashuhuri kabisa ilichongwa kwa msaji, ambao siku hizi wengi huuita mtiki. Msaji uliletwa kutoka Bara Hindi na Burma. Una mafuta ndani yake, ambayo huuchukiza mchwa na kuuzuia usipasuke jua na mvua zinapopokezana. Sasa mti huo hupandwa Tanzania pia, kwa mfano katika shamba la Longuza, wilayani Muheza. Asiyekuwa na uwezo wa msaji hakufedheheka, kwani alikuwa na mfenesi uani kwake: mbao zake zikiwa mbichi ni za manjano, kisha hukolea mwaka hadi mwaka mpaka zikafikia wekundu wa asali iliyokaa. Kaskazini, mafundi wa Lamu na Siyu walipenda mbambakofi, ambao ni mgumu kwa patasi lakini ukishachorwa hausahau mchoro wake.

Ndani ya nyumba, kila chombo kilikuwa na mti wake. Mninga, ambao ukijeruhiwa hutoa utomvu mwekundu kama damu, ulishuka kutoka bara na kuwa makabati na meza. Mpingo, mweusi na mzito hata ukitupwa majini huzama, ulitumika kwa viti vya enzi vilivyopambwa kwa pembe na kusukwa kwa uzi. Na huko Ulaya hufanywa zumari zao za klarineti na oboe. Mti huu hukua taratibu mno, na tangu mwaka 2017 biashara yake ya kimataifa imewekwa chini ya masharti pamoja na jamaa zake. Bakora ya heshima ilikuwa ya mtobwe. Mswaki ulikatwa kwenye msuaki. Bao lenye mashimo 32 lilichimbwa katika ubao mzito usiosogea wachezaji wanapotia kete 64 za komwe. Mchi ulitakiwa uwe mgumu, na kinu kiwe kizito. Mbuzi ya kukunia nazi ilihitaji ubao wa kukalia tu, kwa hiyo ikapewa vipande vilivyobaki.

Mtoto wa pwani alisoma herufi zake za kwanza katika ubao wa chuoni, uliooshwa na kuandikwa tena mpaka ukawa laini kama jiwe la mtoni. Alipokua alioa, na kitanda chake kikasimama juu ya matendegu yaliyokerezwa. Alipokufa alibebwa katika jeneza ambalo si lake, kwani ni la mtaa mzima, na ndani ya kaburi alifunikwa kwa kiunza, ubao wa mwisho, ambao haupigwi randa wala hautiwi nakshi. Kati ya ubao wa kwanza na ule wa mwisho palikuwa na miti mingine mingi, na mtu huyo aliijua mingi katika hiyo kwa jina.

Elimu hii ya majina ina thamani gani leo? Swali hili lilipata kuulizwa katika nyumba moja ya urithi ya Mji Mkongwe, ingawa wenyewe hawakuliuliza kwa maneno haya. Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, ilipoanguka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili, kila mwenye nyumba kongwe huitazama dari yake kwa jicho jingine. Katika nyumba hii boriti za ghorofa ya juu zilikuwa zimeanza kushuka. Warithi walikuwa saba, wengine wakiwa ng'ambo, na fedha za kukarabati hazikuwapo. Dalali alikuja na shauri: uuzwe mlango wa mbele, dari itengenezwe kwa chuma na zege, na pahala pa mlango patiwe mlango mwingine. Warithi watano walikubali. Dada yao mkubwa hakukataa wala hakukubali. Alisema aitwe kwanza fundi mzee aliyekuwa akiitengeneza nyumba hiyo tangu uhai wa baba yao.

Fundi alikuja na mwanagenzi wake. Mmoja wa warithi, kijana, alimwamkia na kumweleza haja.

"Shikamoo, Fundi. Tunataka utuambie mlango huu una thamani gani."

"Marahaba, mwanangu. Thamani muulize dalali. Mimi niulize ni mti gani."

Akaanza kuupitia kwa kiganja. Akataja miimo, akataja kizingiti cha juu chenye nakshi na cha chini kilicholika kwa nyayo, akataja mfaa uliosimama katikati, akasema kuwa vyote hivyo ni msaji, ila kipande kimoja cha mwimo wa kushoto ni mfenesi, kwa kuwa kilitiwa baadaye na mtu aliyejua kuficha kiraka. Alipobisha, msaji ulijibu kwa sauti moja na mfenesi kwa nyingine, na kijana aliyekuwa akiupita mlango huo tangu kuzaliwa aliisikia tofauti hiyo kwa mara ya kwanza. Kisha fundi akaeleza kuwa nyumba nyingi za namna hii zilianza kwa mlango: fremu ilisimamishwa kwanza, ukuta ukajengwa kuufuata. Akauliza watatia mlango gani badala yake. Wakasema mbao za paini, zipakwe rangi.

"Mnataka mlango," akasema, "au mnataka kuziba tundu?"

Hakuna aliyecheka. Akaomba apandishwe juu. Huko hakuzitazama boriti katikati, zinakotazamwa na kila mtu. Aliagiza ngazi, akachokoa plasta pale boriti zinapoingia ukutani. Vichwa vya boriti tatu vilikuwa vimeoza; nyingine zilikuwa ngumu kama siku zilipolazwa. Sababu haikuwa uzee. Mfereji wa paa ulikuwa umeziba, maji yakawa yanashuka ndani ya ukuta, na ukuta wenyewe ulikuwa umepigwa plasta ya saruji miaka ya nyuma ili upendeze. Chokaa huacha ukuta upumue. Saruji huyafungia maji ndani, na mti uliotiwa kichwa chake katika ukuta wenye maji huoza kichwa kabla ya mwili.

"Bi Mkubwa," akamwambia dada yao, "maradhi ni ya mfereji. Mkiweka zege juu ya kuta hizi bila ya kuuzibua mfereji, mtakuwa mmeuongezea mgonjwa mzigo."

Mlango haukuuzwa mwaka ule. Mfereji ulizibuliwa kwa gharama ndogo kuliko ile ya chakula cha kikao cha warithi. Plasta ya saruji ilibanduliwa upande mmoja na kupigwa ya chokaa. Boriti tatu mpya zilipatikana kwa kibali baada ya kungojewa, na zilikuja zikiwa nyembamba kidogo kuliko za zamani, jambo ambalo fundi alilitaja bila ya kumlaumu mtu. Msitu hautoi tena zile. Warithi hawakugeuka kuwa watu wengine. Dalali bado hupita, na huenda siku moja atabahatika. Lakini siku ile nyumba ilinusurika kwa sababu palikuwa na mtu mmoja aliyeweza kutofautisha mti mgonjwa na mti mzee, na kipande cha mfenesi na msaji.

Hofu iliyopo ni kwamba watu wa namna hiyo hawaachi nafasi zao kwa wengine. Aendaye leo kwenye duka la mbao akauliza, "Hii ni mti gani?" aghalabu hujibiwa, "Mbao, bosi. Inchi mbili kwa sita." Kipimo kimebaki, jina limekwenda. Nyingi katika mbao hizo ni paini kutoka mashamba ya Sao Hill, Mufindi, na si haki kuzidharau: zimewapatia watu wengi paa kwa bei waiwezayo, na kila ubao wa shambani ni mti wa msituni uliosalimika. Ila paini isiyotiwa dawa hailiwezi joto la pwani na mchwa wake. Asiyejua hilo huezeka leo, na baada ya misimu michache huezeka tena, akidhani kuwa amerogwa au ameuziwa bati bovu. Jina la mti lingemwambia mapema.

Kupotea kwa majina haya huanza dukani na kufika katika ushairi. Malenga wa zamani aliweza kumsifu mtu kwa mpingo, kumkanya kwa mchu usionyooka, au kumfumba msikilizaji kwa mkomafi, naye akaamini kuwa baraza nzima imemwelewa. Mshairi wa leo anayeandika mti, na tena mti, na tena mti, hakosi mizani, lakini amekosa nusu ya silaha zake. Kamusi zimeyahifadhi mengi katika majina haya, na ni kazi ya kushukuriwa. Hata hivyo neno lililo kamusini peke yake ni kama mashua iliyo kwenye magogo. Haijaoza, lakini haijaelea.

Dawa si kurudi nyuma. Hakuna atakayekata tena mikoko ya kujengea Kuwait, wala si kila nyumba itakayoweza kumudu msaji. Yapo mambo madogo yanayowezekana: mwalimu kuwapeleka wanafunzi ufukweni maji yakipwa na kuwafundisha mikoko saba kwa majina saba, mwenye nyumba kumuuliza fundi ni mti gani kabla ya kumuuliza ni kiasi gani, mwanagenzi kuruhusiwa aguse, anuse na abishe kabla ya kupewa msumeno, na kila anayeangusha mfenesi kupanda mwingine, hata akijua kwamba mlango wake utafunguliwa na wajukuu. Mtoto anayejua kuwa mwembe huzaa ngalawa kama unavyozaa embe ana sababu mbili za kutoukata ovyo.